Jiografia ya Mwananchi: Historia ya Somo Moja na Haki ya Wanaolisoma

Neno jiografia ni geni katika Kiswahili, lakini elimu yenyewe si ngeni kwa wasemaji wake. Manahodha wa pwani waliugawa mwaka kwa pepo mbili kabla shule haijajengwa. Kaskazi huvuma tangu mnamo Desemba hadi Machi, nao ndio uliovileta vyombo kutoka Arabuni na Bara Hindi. Kusi huvuma kuanzia mnamo Aprili hadi Septemba, na ndio uliovirudisha makwao. Kutokana na pepo hizo tumepata majina ya pande mbili za dunia, kaskazini na kusini, na mtoto asemaye leo kwamba Arusha iko kaskazini ya Dodoma anatumia hesabu ya mabaharia pasipo kujua. Wavuvi nao waliyapa maji majina kwa kufuata mwezi: bamvua wakati mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji mafu wakati mwezi ukiwa nusu. Hapo pana elimu kamili ya mwezi na bahari, ambayo wanafunzi wengi wa sekondari huisoma kwa jasho na kuisahau baada ya mtihani.

Bara nako hali ilikuwa hiyo hiyo. Katika nchi ya Wasukuma, mkulima atokaye kilimani kwenda bondeni hukanyaga udongo mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja una jina lake na kazi yake. Juu kwenye mteremko ni luseni, udongo wa kichanga ulio mwepesi kwa jembe, ufaao mihogo na karanga. Chini yake ni itogolo, udongo mgumu ulioachwa kuwa malisho, na baadaye ukachimbwa majaluba ya mpunga. Bondeni kabisa ni mbuga, udongo mweusi wa mfinyanzi unaonata wakati wa masika na kupasuka wakati wa kiangazi. Mwaka 1935 Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo aliyekuwa akifanya kazi katika kituo cha utafiti cha Amani, Usambara, alieleza mpangilio wa namna hii, wa udongo unaobadilika kwa utaratibu toka kileleni hadi bondeni, akauita katena, kwa maana ya mnyororo katika Kilatini. Neno hilo likaenea ulimwenguni, likaingia katika vitabu vya jiografia vya mataifa mengi. Sina nia ya kupunguza sifa ya bwana yule. Kazi yake ilikuwa kubwa. Ila fikiri, msomaji, juu ya kijana wa Kwimba aliyeketi darasani akiikariri katena kwa Kiingereza kama jambo la ng'ambo, na jioni akarudi nyumbani akipita juu yake kwa miguu mitupu, huku bibi yake akiweza kumtajia kila pingili ya mnyororo huo.

Kijana huyo akishindwa mtihani, tumezoea kusema kwamba hana bidii au hana akili ya somo. Makala haya yanataka kuitazama historia ya somo hili nchini mwetu ili kuona sababu nyingine, na hasa kutazama jinsi vyuo vya wananchi vilivyojaribu, na vinavyojaribu hata sasa, kuwapa haki ya elimu hii watu ambao shule za kawaida ziliwaacha nje.

Wakati wa utawala wa Waingereza shule za Tanganyika ziligawanywa kwa rangi: za Wazungu, za Waasia na za Waafrika. Jiografia iliyofundishwa katika madarasa ya juu ilifuata mitihani iliyotungwa Uingereza, na kwa hiyo mwanafunzi alijua viwanda vya Lancashire na ngano ya Kanada kabla hajaijua Rufiji. Lakini ni vyema tusiseme kwamba wakoloni hawakufikiria kabisa habari ya mazingira ya mtoto. Mwaka 1924 tume ya Phelps-Stokes, ambayo miongoni mwa wajumbe wake alikuwamo James Aggrey wa Gold Coast, ilizuru Afrika Mashariki na kupendekeza kwamba elimu ya Mwafrika ifuate maisha ya mahali pake: kilimo chake, afya yake, kijiji chake. Kwa maneno, pendekezo hilo lilikuwa jema. Wazee wetu wengi hata hivyo walilitilia shaka, na shaka yao ilikuwa na msingi. Waliona kwamba mtoto wa Mzungu anafundishwa dunia, na mtoto wao anafundishwa shamba. Wakauliza kwa nini kijiji kiwe kikomo cha mmoja na mwanzo wa mwingine. Shaka hiyo haijafa. Hata leo mzazi akisikia kwamba mwanawe anasomeshwa habari za udongo wa kwao badala ya habari za Japani, huhisi kwamba amepunjwa. Yeyote atakaye kuleta usawa katika somo hili hana budi kulijibu swali la wazee wale, maana elimu ya mazingira bila ya elimu ya dunia ni ubaguzi wa namna nyingine.

Isitoshe, kulikuwako na jiografia ya amri. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Waluguru walilazimishwa kuchimba matuta ya ngazi katika milima yao ili kuzuia mmomonyoko. Wataalamu waliona mteremko mkali na mvua nyingi, wakaamua. Wakulima walijua jambo ambalo halikuandikwa katika mpango: kwamba udongo wenye rutuba milimani kule ni mwembamba, na kwamba kukata ngazi ni kuuzika ule mzuri na kuufunua ule usiozaa. Ubishi ukawa uasi, na ghasia za 1955 huko Uluguru zikaumaliza mpango wenyewe. Huku nyuma, katika milima ya Mbinga, Wamatengo walikuwa wakilima ngoro zao, yaani mashimo yaliyopangwa kama vyumba vya nyuki juu ya miteremko mikali, yenye nyasi zilizofukiwa katika kuta zake, na udongo wao haukuchukuliwa na mvua. Hakuna aliyewaamrisha. Ningependa kila mwalimu afundishaye mmomonyoko wa udongo aiweke mifano hii miwili ubavu kwa ubavu, kwa sababu yote miwili ni yetu na yote miwili inafundisha zaidi ya kurasa kumi za maelezo.

Baada ya Uhuru ubaguzi wa rangi katika shule uliondolewa kwa sheria iliyoanza kutumika Januari 1962. Mwaka 1967 ulileta Azimio la Arusha, na mwezi Machi Mwalimu Nyerere akatoa maandishi yake juu ya Elimu ya Kujitegemea. Mwaka huo huo Kiswahili kikawa lugha ya kufundishia katika shule zote za msingi za Serikali, na Baraza la Kiswahili la Taifa likaundwa. Ndipo jiografia ilipoanza kusemeka. Maneno mengine yalikuwapo yakingoja: rasi, ghuba, kisiwa, tetemeko, ramani, bonde la ufa. Mengine yalichukuliwa yakavishwa kanzu ya Kiswahili: ikweta, latitudo, longitudo, volkano. Mimi, kama mtu wa tungo, huwa napenda neno mmomonyoko kuliko yote, kwani lenyewe linaporomoka mdomoni kama kingo za mto. Mtoto wa darasa la nne alilisikia akalielewa siku ile ile, bila ya kutafsiriwa, maana amekwisha kuuona ukuta wa nyumba ukimomonyoka.

Faida hiyo iliishia darasa la saba. Aliyebahatika kwenda sekondari, na waliobahatika walikuwa wachache sana, alizikuta habari zile zile zikimngoja kwa Kiingereza. Serikali ilijaribu kuleta usawa kwa kugawa nafasi za kidato cha kwanza kwa mikoa, ili watoto wa mikoa iliyokuwa na shule chache wasimezwe na wa mikoa iliyotangulia. Mlango wa kuingilia ukapanuka kwa upande huo. Lakini aliyeingia kutoka shule isiyo na vitabu alikutana na kizuizi cha pili, nacho ni lugha. Tume ya Rais ya Elimu iliyoongozwa na Ndugu Jackson Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kianze kutumika kufundishia katika sekondari kuanzia 1985. Pendekezo hilo halikutekelezwa. Siwezi kusema kwamba Kiingereza hakina faida. Mimi ni mtumishi wa Serikali na barua nyingi nilizosoma maishani zilikuwa kwa lugha hiyo. Nasema tu kwamba mtihani wa jiografia unapaswa kupima jiografia. Mwanafunzi ajuaye kwa nini mvua hunyesha upande mmoja wa mlima na kuuacha upande mwingine mkavu, akaandika sentensi tatu zilizovunjika na kupata sifuri, amepimwa kitu kingine.

Hapo ndipo ninapotaka kukaa zaidi, juu ya wale ambao hawakufika hata kwenye mlango wa sekondari.

Sensa ya 1967 ilionyesha kwamba takriban theluthi mbili ya watu wazima walikuwa hawajui kusoma na kuandika. Mwaka 1970 ukatangazwa kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Katika mikoa ya Ziwa kulikuwa na mradi wa kisomo chenye manufaa uliosaidiwa na UNESCO tangu 1968 hadi 1972, na makao yake yalikuwa Mwanza. Vitabu vyake vya kwanza vilihusu pamba, uvuvi, migomba, ng'ombe na mambo ya nyumbani. Mtu mzima alijifunza kusoma herufi akiwa anasoma habari za mvua, upandaji na bei. Gazeti la wakulima la Elimu Haina Mwisho lilifuata katika miaka ya 1970, ili aliyekwisha kujua kusoma asikose cha kusoma. Kampeni ya redio ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 iliwakusanya watu wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza na kujadiliana, wakazungumza juu ya maji yaliyotuama, mbu na vyoo, nayo Chakula ni Uhai ikafuata mwaka 1975 na Misitu ni Mali mwaka 1980. Hakuna aliyeziita kampeni hizo jiografia. Lakini kikundi cha wanakijiji kinachojadili maji yanatuama wapi, na kwa nini hapo, kinafanya nini kingine?

Mwaka 1975, kwa msaada wa Sweden, vilianzishwa Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi. Mfano wake ulitoka katika nchi za Kaskazini ya Ulaya, ambako mawazo ya Grundtvig wa Denmark yalizaa shule ya kwanza ya wananchi huko Rødding mwaka 1844, shule ya wakulima wazima isiyotanguliza mtihani. Hapa kwetu vyuo vingi viliwekwa katika majengo ya vituo vya zamani vya mafunzo ya wakulima, na idadi yake ilipita 50: Bigwa huko Morogoro, Malya huko Kwimba, Sengerema, Kisarawe, Handeni, Masasi, Njombe na vinginevyo. Mwanafunzi alitoka kijijini, akakaa chuoni, akasoma kwa Kiswahili, kisha akarudi kijijini na ujuzi wake. Jambo la maana katika mpango huo ni kwamba chuo hakikumwuliza mtu alishindwa nini, kilimwuliza kijiji chake kinahitaji nini.

Lakini vyuo hivyo vilizaliwa wakati mgumu. Vijiji vyenyewe vilikuwa vimetoka kuhamishwa. Kati ya 1973 na 1976 mamilioni ya watu walihamia vijiji vipya, vingi vikiwa kando ya barabara. Pamoja na manufaa yaliyokusudiwa, ya shule, zahanati na maji, wakulima wengi walijikuta juu ya udongo wasioufahamu, mbali na mabonde ambayo babu zao waliyapa majina. Elimu ya mahali haihamishiki kama mabati. Kisha vikaja vita vya Kagera vya 1978 na 1979, na ukata wa miaka ya 1980, na vyuo vikapungukiwa vifaa na walimu. Mwaka 1990 vilihamishwa kutoka Wizara ya Elimu kwenda wizara iliyosimamia maendeleo ya jamii, na mwaka 2016 vikarudishwa kwenye elimu. Katika safari hiyo ndefu vipo vilivyobaki na madarasa machache na paa linalovuja.

Kulikuwa pia na kasoro ya ndani. Aghalabu wanaume walipelekwa kwenye uashi, useremala na kilimo, na wanawake kwenye ushonaji na upishi. Hivyo chuo kilichoundwa kwa ajili ya usawa kiligawa ardhi na nyumba kwa wanaume, jiko na sindano kwa wanawake, ijapokuwa katika vijiji vyetu mwanamke ndiye ajuaye kisima kipi hukauka Agosti na kuni zimesogea umbali gani tangu mwaka jana.

Mabadiliko makubwa yamekuja kwa ajili ya wanawake hao hao. Kwa miaka mingi msichana aliyepata mimba aliondolewa shuleni, na mlango ukafungwa nyuma yake. Novemba 2021 Serikali iliruhusu wanafunzi walioacha masomo kwa sababu mbalimbali, mimba ikiwa mojawapo, kurudi shuleni. Hata kabla ya tamko hilo vyuo vya wananchi vilikuwa vimeanza kuwapokea wasichana na kina mama vijana katika mpango uliorithi jina la gazeti lile la zamani, Elimu Haina Mwisho. Humo mwanafunzi husoma masomo ya sekondari na ufundi kwa pamoja, na watoto wadogo hutunzwa chuoni mama zao wakiwa darasani. Wapo wanaoanza na Mtihani wa Maarifa, kisha wakaukabili mtihani wa kidato cha nne kama watahiniwa wa kujitegemea. Jiografia ni miongoni mwa masomo ya kidato hicho.

Sasa basi, mwalimu wa chuo cha namna hii anaye mwanafunzi wa miaka 22, mwenye mtoto, aliyeacha shule miaka mingi iliyopita, ambaye Kiingereza chake kimekauka. Anao muda mfupi kuliko ule wa shule ya kawaida. Akimpa madaftari ya kukariri atamshinda, kwa sababu hana usiku wa kukariri. Lakini mwanafunzi huyo anacho kitu ambacho mtoto wa miaka 14 hana, nacho ni kazi ya mikono. Tuchukue sehemu ya kusoma ramani, ambayo huwaangusha wengi. Mwanafunzi aliyejifunza kushona amekwisha kuchora kipande cha nguo katika karatasi ndogo na kukikuza kwenye kitambaa. Aliyejifunza uashi amekwisha kusoma mchoro wa nyumba ambapo sentimita moja ni mita moja. Huyo akiambiwa kwamba katika ramani ya 1 kwa 50,000 sentimita mbili ni kilometa moja, hakuna jipya ila ukubwa. Kontua nazo, zile mistari inayounganisha mahali penye kimo sawa, humshangaza mtoto wa mjini. Mkulima aliyewahi kupima makinga maji shambani kwa kamba na pima maji ameichora kontua kwa jembe. Lililobaki ni kuihamishia kwenye karatasi.

Baada ya hapo ndipo lugha. Nadhani mwalimu anayefundisha jambo kwa Kiswahili hadi likaeleweka, kisha akalirudia kwa Kiingereza kwa ajili ya mtihani, hapotezi wakati kama wakaguzi wengine wanavyodhani. Anayeanza na Kiingereza hulazimika kufundisha mara mbili bila ya kujua kwamba ya kwanza haikusikika. Na baada ya lugha ndipo dunia: Japani na matetemeko yake, Bangladesh na mafuriko ya mito yake, Uholanzi na kuta zinazozuia bahari. Anayefahamu Rufiji inavyofurika na kuacha rutuba atakwenda Bangladesh akiwa na mizani ya kupimia. Hilo ndilo jibu ninaloweza kuwapa wazee walioishuku tume ya 1924.

Faida ya njia hii imekwisha kuonekana nje ya darasa. Shinyanga ilipokuwa imekwanguliwa miti, mradi wa hifadhi ya ardhi ulioanza mwaka 1986 ulifika mbali kwa sababu ulizifuata ngitili, yaani desturi ya Wasukuma ya kufunga sehemu ya malisho wakati wa mvua na kuifungua wakati wa kiangazi. Miti ikarudi juu ya ardhi ambayo wengi walikuwa wameikatia tamaa, na mwaka 2002 mradi huo ukatunukiwa Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Mabwana misitu waliosoma walikuta kwamba somo limekwisha kuandaliwa na wafugaji.

Ningeomba jambo moja dogo kwa ajili ya vyuo hivi, lisilohitaji mkopo wa nje. Kila chuo kipewe ile karatasi ya ramani ya 1 kwa 50,000 ambamo chuo chenyewe kimo, ibandikwe ukutani. Mwanafunzi wa Bigwa ataona hapo jinsi mistari ya kontua inavyosongamana mahali Uluguru inapoinuka ghafula juu ya Morogoro, na mito inavyoteremka kuelekea uwanda. Ataweza kupima mwinuko, umbali na mwelekeo, mambo yote yanayoulizwa katika mtihani. Matuta yaliyoleta ghasia za 1955 hayakuchorwa. Akitaka kujua yalikuwa wapi, itambidi apande mlimani kuwauliza wazee waliobaki, akiwa na daftari lake na, siku ambazo hakuna wa kumwachia, mtoto mgongoni.